Bibi Harusi Anashuka Sekenke

Shelui,
11 Februari 2024

Mke wangu mpendwa, Bibi Yunisi,

Shikamoo bibi. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Sisi huku hatujambo. Dada Witness amejifungua mtoto wa kike, ana sauti kubwa kuliko honi ya lori, na mama anasema sauti hiyo ameichukua kwako. Vitunguu vimekubali mwaka huu. Kuku wa mama wameliwa na kicheche, wamebaki watatu na jogoo mmoja mwenye majivuno.

Mama aliniambia nikupigie simu. Nimemkatalia. Wewe ukishika simu unapiga kelele mpaka siri ya nyumba yetu inafika Itigi kabla hujakata. Afadhali barua. Anakuletea mzee Nathanaeli, yule mnunuzi wa asali mwenye kibanda jirani na gereji yangu. Mwezi huu ana haraka ya ajabu ya kuja Mitundu, sijui asali yenu ina nini. Mpokee vizuri.

Sasa kaa chini, mke wangu. Nimetengeneza gari! Fremu ni ya bajaji iliyopinduka, magurudumu matatu, na tumboni nimelipa mota ya foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Niliipata kwa wauza vyuma chakavu Singida Mjini, wao walitaka kuiyeyusha. Betri nne za malori, basi. Halinywi petroli hata tone. Jana nilipakia vitunguu nikapanda nalo mlima Sekenke, na bibi, likapanda! Malori yanakohoa pembeni, mimi napita kimya. Dereva mmoja alichungulia dirishani akaniuliza kama mimi ni mtu au ni marehemu. Linapanda kama limeitwa juu. Yaani linapanda!

Ni mimi mumeo mwenye gari,
Peniel


Mitundu,
3 Machi 2024

Mume wangu Peniel,

Marahaba. Magoti ni yale yale, tumeshazoeana. Mwambie Witness asimpe mtoto jina langu kabla sijamwona, huenda hafanani na watu wazuri. Huku mahindi yamesimama vizuri na nyuki wanafanya kazi kuliko wajukuu wangu wa Manyoni. Jumapili nilikwenda kufagia kaburi la babu yako Edward, nikamsomea barua yako. Hakucheka, unamjua, lakini nadhani alipapenda pale kwa yule dereva.

Mzee Nathanaeli alifika. Aliangalia asali Jumatatu. Jumatano akarudi kuiangalia tena, akasema hakuiona vizuri. Nikampa ugali na mlenda, akasifia mlenda mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mlenda. Huyo mzee anaongea taratibu sana. Ukimsikiliza unasahau ulichokuwa umeinjika jikoni. Juzi maharage yangu yaliungua, lakini hilo halina uhusiano.

Nimekwenda kumwambia kila mtu habari ya gari lako. Kwaya nzima inajua, mchungaji anajua, na mwenye mashine ya kusaga anajua na ana wivu. Nimelipa jina, kiberenge, maana kile kigari cha reli ya Itigi nilikuwa nikikipenda nilipokuwa kijana.

Ila mume wangu, barua nzima ni linapanda, linapanda. Mimi nimezaliwa juu ya Sekenke kabla babu yako hajanileta huku. Ule mlima haujawahi kumuua mtu kwa kupanda. Niambie linashukaje.

Mkeo,
Yunisi


Shelui,
7 Aprili 2024

Mke wangu,

Shikamoo. Mtoto wa Witness ameitwa Happiness, na analia kutwa nzima, kwa hiyo jina limegoma. Mama yuko salama. Jogoo mwenye majivuno tumemla siku ya Pasaka.

Umeuliza kiberenge kinashukaje. Kinashuka. Kila kitu kinashuka, bibi, hata mvua.

Kina breki ya kanyagio. Kwenye tambarare inatosha kabisa. Mlimani inanuka moshi kabla ya kona ya pili, ndiyo maana kwa sasa nikifika juu nashusha vitunguu, nakifunga nyuma ya trekta la Fabiano, nalo linatushusha pole pole wote wawili. Usimwambie mwenye mashine ya kusaga.

Lakini nina mpango, sikiliza. Mota ni kiumbe wa ajabu. Ukiipa umeme, inazunguka. Lakini ukiizungusha wewe, kwa mfano magurudumu yakiizungusha wakati wa kushuka, yenyewe inazaa umeme. Na mota inayozaa umeme huwa nzito kuzungusha, kama jiwe la kusagia lenye mtama mwingi. Basi nimekusanya koili za majiko mabovu ya umeme, nikazikata vipande na kuzifunga pamoja chini ya kiti cha abiria. Nikivuta swichi, betri zinatengwa, umeme wa mota unamwagika kwenye koili, koili zinapata moto, na kiberenge kinashikwa. Breki isiyo na mpira wala mafuta! Nakaribia sana kufaulu.

Kuhusu kurudi nyuma, hakina gia. Nikitaka kirudi nyuma nafungua nyuzi mbili nyekundu za koili za pembeni, zile za ndani ya mota yenyewe, nazibadilisha nafasi, nafunga tena. Hapo mota inazunguka kinyume. Watu wakiniona na spana wanadhani naomba dua.

Bibi, mbona barua yako ina mzee Nathanaeli kuliko salamu? Na maharage yaliunguaje?

Mumeo,
Peniel


Mitundu,
21 Aprili 2024

Peniel,

Marahaba. Salamu ni nyingi, wape wote, sina muda.

Nathanaeli ameniomba tuoane, na mimi nimesema ndiyo. Nimelisema hilo neno kabla sijafikiri, likatoka kama chafya. Mimi mwenye magoti haya! Nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Yeye alikaa pale na kofia mkononi akasubiri nimalize, kisha akauliza kama kile kilikuwa kicheko cha ndiyo au cha hapana.

Mwambie mama yako mwenyewe, kwa maneno yako. Mimi naogopa. Na wewe ndiye mume wangu kwa utani tangu ulipozaliwa, kwa hiyo una haki ya kumdai faini ya mke anayekuacha. Usipungue beberu mmoja, usiniaibishe.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 17 Agosti, kanisani huko Shelui kwake. Sitatoka hapa Mitundu kwa Edward kwenda kuolewa, haifai. Nitatokea kwetu, juu ya Sekenke, kwa mdogo wangu Leah, kama msichana. Na nitashuka na kiberenge chako. Mitundu yote imeshajua, na kwaya inakodi gari ije kuona.

Yunisi


Shelui,
30 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana barua yako ya Aprili nimeipata jana.

Unajua ilikuwa wapi? Mfukoni mwa koti la mzee Nathanaeli! Alikuwa anakuja gerejini kila asubuhi, ananisalimia, anaangalia kiberenge, anakohoa, anaondoka. Nilidhani ana kifua. Jana akaingia, akavua kofia, akanipa bahasha iliyokunjika kama jani la tumbaku, akasema, "Kijana, samahani. Najua kilichomo. Nimeogopa kumpa barua mume wa mtu." Halafu akatoka mbio. Bibi, mtu mzima yule alikimbia!

Nimemwambia mama. Alikaa chini, akacheka, akalia, akacheka tena, akaenda kupika bila kusema anapika nini. Sasa anaimba. Nadhani ametoa baraka.

Beberu nimemdai. Mzee amekubali bila kupunguza, mpaka utani wenyewe haukunoga.

Lakini bibi, kuna jambo sikukueleza. Kile kitu hakisimami. Nimefunga koili upya, nimebadilisha swichi, nimesafisha kaboni za mota. Navuta breki, na mota inazunguka huru kabisa kama haijafungwa na chochote. Koili zinabaki baridi. Nguvu ya kuzaa umeme sijui inakwenda wapi. Fundi mwingine wa hapa ameniambia mota za aina hii, ambazo umeme ule ule mmoja unapita koili za pembeni kisha unaingia katikati, ni wakaidi, hazikubali breki. Naogopa kukubeba. Ukiumia wewe nitahama nchi.

Kwa hiyo nimepata njia. Wanaume wa sauti ya chini wa kwaya yetu ya hapa watashika kamba kwa nyuma, Fabiano akiwa mbele yao. Tutakushusha salama, taratibu, hakuna atakayejua.

Peniel wako


Mitundu,
14 Julai 2024

Mume wangu mwoga,

Marahaba. Huku alizeti tumevuna, nyumba nimepiga chokaa, na nimemwachia jirani Anastazia ufunguo na mbuzi. Kaburi la babu yako nimelifagia kila Jumapili, na wiki hii katikati ya wiki pia. Halikuwa na uchafu.

Kamba sitaki. Sitashushwa kama ndoo kisimani mbele ya kwaya ya Mitundu. Nitakaa juu ya kiti, nitafunikwa kitenge kama bibi harusi, na nitashuka. Kama hakisimami, basi tutapita kanisa, nitaolewa Nzega, huko nako kuna wachungaji.

Una mwezi mzima. Tengeneza.

Mkeo mpaka tarehe kumi na saba,
Yunisi


Shelui,
1 Septemba 2024

Mke wangu wa zamani,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama Mitundu kwa ajili ya kurina asali, na kwamba mume mwenzangu haangalii tena asali, anairina. Barua hii nimempa kondakta wa basi, kwa kuwa mpeleka barua wetu amekuoa. Mama hajambo. Beberu hajambo, nimemfunga gerejini, anakula nyaya.

Umeniagiza nikueleze yote yaliyotokea, kwa sababu ulifumba macho chini ya kitenge tangu kwa Leah. Nitakueleza, na usinilaumu.

Mpaka asubuhi ile breki haikuwa imefanya kazi hata siku moja. Nilishakata tamaa. Kwa hiyo, bibi, kamba ilikuwepo. Niliifunga chini ya kiti, nikaificha kwa maua, na sauti za chini zote zilikuwa nyuma yetu zinaimba huku zimeishika. Nikaachia kiberenge kiende chenyewe kwa mteremko, sikutumia betri. Tukaanza vizuri. Ulipungia watu mkono ukiwa umefunikwa, nikajisikia mwanaume.

Kwenye kona ya kwanza likaja lori la saruji nyuma yetu, likapiga honi. Kwaya yote ikaruka pembeni kwenye majani. Fabiano anasema kamba ilimponyoka. Nimemkagua mikono, haina hata mchubuko.

Tukaanza kwenda. Nilikanyaga kanyagio, likanuka moshi, likalegea. Upepo ukajaa kwenye kitenge chako ukawa kama tanga. Uliniambia, "Peniel, kumbe kinakimbia!" kwa furaha, na mimi nilikuwa nimefika kwenye Baba Yetu pale pa mkate wetu wa kila siku. Nikavuta swichi ya koili. Sikuivuta kwa imani, niliivuta kwa sababu mkono ulitaka kitu cha kushika.

Bibi! Mota ikaguna uuuum, na kiberenge kikashikwa kwa nyuma kama kimekamatwa mkia. Nilijigonga kifua kwenye usukani. Mwendo ukapungua, ukapungua, tukawa tunashuka taratibu kama maandamano ya askofu. Nikaangalia chini ya kiti chako, koili zimekuwa nyekundu kama makaa. Hapo ndipo uliposema, "Mbona kiti kinachoma?" nami nikakujibu ni jua. Nilikuwa nalia, bibi, nacheka na kulia pamoja. Kona ya pili, kona ya tatu, hata lori la saruji lilitusubiri kwa adabu.

Tulipokaribia chini breki ile ikaanza kulegea yenyewe, maana mota ikizunguka polepole haizai cha maana. Nikamalizia kwa kanyagio lililokuwa limepoa, na kwa soli za viatu vyangu vya harusi. Tukasimama mbele ya geti la kanisa. Watu wakapiga vigelegele. Mzee Nathanaeli alikuwa mlangoni na suti ya kijivu na ua kifuani.

Ningeshuka pale, yote yangekwisha kwa heshima. Lakini sifa zikanipanda kichwani, nikataka kuingia uani kwa mbwembwe. Nikawasha betri, nikatia moto. Kiberenge kikaondoka kinyumenyume!

Mengine unayajua, maana hapo ulifumbua macho. Tulirudi nyuma katikati ya wazee wa kanisa, tukapita kibanda cha chipsi, tukawa tunaelekea mlimani tena. Na yule mzee, bibi, aliruka ngazi zote akatufuata mbio, kiatu kimoja kikabaki kwa mchungaji, anapiga kelele, "Simamisheni! Huyo ni wangu!" Sijui magoti yake aliyaazima wapi. Akadaka bomba la mbele, akaburuzwa, hakuachia mpaka nilipozima.

Baadaye nilifungua mota. Nikakuta zile nyuzi mbili nyekundu zimebadilishwa nafasi. Kazi ya Mughwai! Nani mwingine? Mtani wetu yule, jirani yake Leah, ndiye aliyeficha viatu vyako mpaka akapewa pombe, na huwa ananiona nikizibadilisha. Alitaka bibi harusi arudi kinyumenyume watu wacheke.

Lakini bibi, angalia maajabu! Hizo nyuzi ndizo zilizotuokoa. Nilikaa nikalifikiria mpaka nikalipata. Mota ikizungushwa na mlima, umeme unaozaliwa unatoka kwa upande wa kinyume. Kwa ufungaji wangu ulikuwa unaingia kinyume kwenye koili za pembeni, unaila sumaku yao ile ile iliyouzaa. Unajila wenyewe, ndiyo maana hapakuwa na kitu. Nyuzi zikigeuzwa, umeme unailisha sumaku, sumaku inazaa umeme zaidi, na kiberenge kinashikwa. Sasa nimeweka swichi inayozigeuza yenyewe ninapovuta breki. Nimeshuka Sekenke na vitunguu wiki nzima. Trekta la Fabiano limekosa kazi.

Mughwai nimemdai mbuzi kwa kutaka kuniua, na nimemwahidi mwingine kwa kuniokoa. Amekataa wote wawili, anacheka tu, anasema nikuulize wewe.

Kwa nini nikuulize wewe?

Peniel


Mitundu,
22 Septemba 2024

Mume wangu wa kwanza kwa utani,

Marahaba. Asali ni nyingi mwaka huu, ndoo zimekwisha tumekopa kwa Anastazia. Nathanaeli ameumwa na nyuki puani, amekuwa mzuri zaidi. Wasalimie wote, na Happiness mbusuni, tutakuja Novemba kumwona na kukaa.

Mwache Mughwai. Nyuzi nilimwagiza mimi.

Barua zako nazisoma, mume wangu, hata pale unapodhani nazipita. Uliandika mwenyewe kwamba nyekundu mbili zikibadilishwa kinarudi nyuma. Jioni ile kwa Leah, watu wakiwa wanaimba uani, niliona gauni limetundikwa ukutani na moyo ukakataa. Nilijiona nimemwacha Edward peke yake Mitundu, mimi naenda kucheza harusi uzeeni. Kumwambia Nathanaeli sikuweza, alishanunua suti. Nikamwita Mughwai, nikamwambia afanye utani wake. Nilidhani utawasha, kitarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwa Leah, watu watacheka, watasema bibi kakataliwa na mashine, nami nitakubali kukataliwa. Sikujua kwamba kushuka hakuhitaji kuwasha. Ulipoachia kikaenda mbele, nilifumba macho nikasema, basi, imeshakuwa.

Halafu kikashikwa. Wewe ulikuwa unalia, na mimi nilikuwa nimekaa pale kiti kinaniunguza, nikaongea na Edward mlima mzima. Ulikuwa mwendo wa kutosha. Kwenye kona ya mwisho nilikuwa nimemaliza, sikuwa na neno tena.

Na ndipo kikanirudisha nyuma, wakati sikutaka tena! Nikafumbua macho kwa hofu. Nikamwona mtu mwenye soksi moja yenye tundu anakuja mbio. Babu yako alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kunikimbilia, alijua nipo tu.

Jumapili nilikwenda kufagia kaburi, nikamsomea barua yako yote, na pale penye kiatu nadhani safari hii alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwa sababu ya magoti. Aliyeshika fagio alikuwa Nathanaeli.

Aliyekuwa mkeo,
Yunisi